Shajara ya mradi: Daftari la maamuzi na sababu zake

Februari, juma la kwanza

Mradi huu umetokana na ubishi ambao katika timu yetu ulikuwa haufiki mwisho. Tunatunza mfumo wa akiba na mikopo unaotumiwa na vyama kadhaa vya ushirika vya SACCOS, na kila tunapopanga kazi mpya maswali ni yaleyale: je, mfumo ugawanywe kuwa huduma ndogondogo, yaani programu ndogo zinazojitegemea, au ubaki mmoja; je, aina za data (kama thamani ni namba au maandishi) zitajwe waziwazi ndani ya msimbo wa Python, lugha tunayoandikia programu, au ziachwe; je, faili linaloletwa na chama likiwa na kasoro lipokewe na kurekebishwa, au likataliwe mlangoni. Kila mara mjadala umeamuliwa na aliyezungumza kwa uhakika zaidi, au na aliyetangulia kuajiriwa, na baada ya miezi michache swali limefufuka kwa kuwa hakuna aliyekumbuka lilijibiwa kwa hoja gani.

Tumekubaliana kuweka daftari. Desturi ya kuandika kumbukumbu fupi za maamuzi ya usanifu wa programu ilienea baada ya Michael Nygard kuipendekeza mwaka 2011, naye alitaka kila kumbukumbu ieleze mazingira, uamuzi, hali yake na matokeo yake. Sisi tumepunguza na kuongeza. Ukurasa wetu una msimamo, sababu ya msimamo, mipaka ambamo sababu hiyo ina nguvu, na mwishoni ushahidi ambao ukipatikana utatufanya tuuache msimamo huo. Sehemu hiyo ya nne lazima iandikwe siku ileile uamuzi unapofanywa, kabla matokeo hayajaonekana, kwa sababu mtu akishaona matokeo yasiyompendeza ni rahisi mno kwake kusema kwamba kipimo hakikuwa sahihi.

Ni sehemu hiyo iliyozua mvutano. Mmoja wa wenzetu alisema kwamba kumtaka mtu aandike kitakachombadilisha mawazo ni kumtaka akiri kwamba hana hakika na kazi yake. Mimi naamini kinyume chake: mwandaaji programu asiyeweza kutaja ushahidi hata mmoja utakaomwondoa kwenye msimamo wake hajatupa hoja ya kitaalamu bado, hata kama ana miaka mingi kazini. Tumekubaliana kujaribu kwanza. Sambamba na kurasa zetu tutasoma pamoja visa vya kweli kutoka historia ya fani hii, ili tuone wengine walishikilia nini, wakaacha nini, na kwa sababu gani.

Februari, juma la tatu

Kisa cha kwanza ni cha Edsger Dijkstra wa Uholanzi, ambaye barua yake fupi ya Machi 1968 katika jarida la Communications of the ACM iliishambulia amri ya goto, inayoiruhusu programu kuruka kutoka mstari mmoja kwenda mwingine wowote. Nilichagua tuanze hapo kwa sababu karibu kila aliyesoma kompyuta vyuoni ameambiwa kwamba goto ni mwiko, na ni wachache walioelezwa asili ya mwiko huo. Hata kichwa kilichoifanya barua ile ijulikane hakikutoka kwa Dijkstra. Yeye alikuwa ameiwasilisha kama hoja dhidi ya amri hiyo. Mhariri, Niklaus Wirth, ndiye aliyeipa kichwa kinachotamka moja kwa moja kwamba goto ina madhara.

Sababu aliyoitoa Dijkstra ni nzuri kuliko mwiko uliozaliwa nayo. Alieleza kwamba akili ya binadamu inamudu zaidi mahusiano yaliyotulia kuliko mambo yanayobadilika kadiri muda unavyokwenda, na kwamba kwa hiyo maandishi ya programu yanapaswa kukaribiana kadiri inavyowezekana na mwenendo wa programu yenyewe inapoendeshwa. Msomaji akiweka kidole kwenye mstari fulani anapaswa kuweza kueleza programu imefikaje hapo. Goto ikitumika ovyo, uwezo huo unapotea, kwa kuwa mstari uleule unaweza kufikiwa kutoka sehemu nyingi zisizohusiana. Hoja nzima inamhusu msomaji na mipaka ya akili yake.

Mwaka 1974 mwanasayansi wa kompyuta Donald Knuth alichapisha makala ndefu akipitia mfano baada ya mfano, mingine ikionyesha kwamba goto inaondoleka kwa faida, na mingine ikionyesha kwamba kuiondoa kunaifanya programu irefuke au iende polepole pasipo kuongeza uwazi wowote. Ndani ya makala hiyo Knuth aliweka maneno aliyoandikiwa na Dijkstra mwenyewe, ambaye alimwomba asidanganyike kumwona kuwa mtu wa imani kali katika suala la goto, na akaeleza kwamba ana wasiwasi kuwa wengine wanaligeuza kuwa dini, kana kwamba ugumu wa kufikiri katika uandishi wa programu unaweza kumalizwa kwa mbinu moja tu. Tuliposoma sehemu hiyo chumba kilinyamaza kidogo. Ilikuwa imepita miaka sita tu tangu barua itoke, na mwandishi wake alikuwa tayari anajitahidi kuirudisha sababu mahali ambapo wafuasi walikuwa wamebaki na amri.

Tulilinganisha na mwongozo wa uandishi wa msimbo wa kiini cha mfumo endeshi wa Linux, ambao hadi leo unapendekeza goto katika funksheni (kipande cha programu chenye kazi yake) yenye njia nyingi za kutokea, ambapo kila njia inapaswa kurudisha nafasi ya kumbukumbu ya kompyuta iliyochukuliwa. Hapo kuruka kwenda sehemu moja ya usafi mwishoni mwa funksheni kunamrahisishia msomaji, na kwa hiyo kunatii sababu ya Dijkstra ingawa kunavunja mwiko. Upande wa pili tulitazama hitilafu iliyogunduliwa Februari 2014 katika programu za Apple, ambamo mstari wa goto ulijirudia mara mbili na kufanya ukaguzi wa saini ya muunganisho salama urukwe. Wengi waliitaja hitilafu ile kama uthibitisho wa barua ya 1968. Lakini mstari wa kurudisha thamani na kutoka ungejirudia pale pale ungeleta madhara yaleyale. Kilichokosekana ni mabano ya kufunga sharti na majaribio ya kulikamata kosa hilo. Mtu mwenye jibu tayari huona ushahidi wake kila mahali, na hilo ndilo lililonifanya niiandike hitilafu hii kwenye daftari.

Kazi iliyotokana na usomaji: Python haina goto, lakini tulikuwa na kanuni yetu ya ndani isemayo kwamba kila funksheni iwe na njia moja tu ya kutokea, iliyo mwishoni. Tulipotakiwa kujaza sehemu ya sababu, iliyotajwa ni kwamba njia nyingi za kutokea zinasahaulisha kufunga faili na miunganisho ya hifadhidata. Sababu hiyo ina uzito katika lugha ambamo mwandishi anafunga kila kitu kwa mkono wake. Katika msimbo wetu kazi hiyo hufanywa na lugha yenyewe kupitia amri ya with, na kanuni ilikuwa imetuachia masharti yaliyopandana hadi msomaji hajui yuko ndani ya lipi. Kanuni imefutwa. Sababu yake ya zamani imebaki kwenye ukurasa pamoja na mipaka yake, kwa ajili ya siku tutakapoandika kwa lugha ya C.

Machi, juma la pili

Tumefika kwenye suala la aina za data, ambalo ndilo lililokuwa na joto kuliko yote. Kabla ya kuandika ukurasa nilipendekeza tusome tafiti, na matokeo yake yametutuliza kwa namna ambayo sikuitazamia.

Ya kwanza ni ya mwaka 2016, ya Premkumar Devanbu, Thomas Zimmermann na Christian Bird, waliowauliza watengenezaji programu 564 wa Microsoft kuhusu madai mbalimbali ya kazi yao. Walikuta kwamba wahojiwa wana imani zenye nguvu juu ya madai fulani, kwamba imani hizo zimejengwa hasa na uzoefu wa mtu binafsi kuliko matokeo ya tafiti, na kwamba si lazima zilingane na ushahidi uliomo katika mradi wa mhusika mwenyewe. Hilo la mwisho ndilo zito. Mtu anaweza kukaa ndani ya mradi kwa miaka, akauona kila siku, na bado anachokiamini juu ya mradi huo kikatofautiana na kumbukumbu za mradi wenyewe.

Ya pili ni jozi ya tafiti. Mwaka 2014 watafiti walichunguza miradi 729 ya msimbo wazi iliyohifadhiwa kwenye tovuti ya GitHub, katika lugha 17, wakaripoti kwamba baadhi ya lugha zinahusiana na hitilafu chache na nyingine na hitilafu nyingi. Matokeo yalinukuliwa sana na waliopenda lugha zilizosifiwa. Mwaka 2019 kundi jingine, akiwemo Emery Berger na Jan Vitek, lilirudia kazi hiyo kwa data ileile na mbinu zilizosahihishwa, na kati ya lugha 11 zilizokuwa zimehusishwa na hitilafu zilibaki nne, tena kwa tofauti ndogo mno. Miongoni mwa waliyoyagundua ni kwamba baadhi ya mafaili yaliyohesabiwa kuwa msimbo wa lugha ya TypeScript hayakuwa msimbo kabisa. Yalikuwa mafaili ya tafsiri za menyu na ujumbe katika lugha za binadamu, ambayo nayo huishia kwa herufi ts. Sisi tunaotafsiri mifumo kwa Kiswahili tunayajua mafaili hayo vizuri. Nimeona ni heshima kubwa kwa sayansi kwamba mtu alikaa akayafungua mafaili kuangalia yamebeba nini, badala ya kuridhika kwamba jibu lilikuwa linapendeza.

Ya tatu ni ya 2017, ambamo Zheng Gao, Christian Bird na Earl Barr walichukua sampuli ya hitilafu zilizokwisha kurekebishwa katika miradi ya lugha ya JavaScript, wakaongeza maelezo ya aina za data, na kukuta kwamba ukaguzi wa aina ungeweza kukamata asilimia 15 kabla hazijaingia kwenye mradi. Kila upande katika timu ulijaribu kuichukua asilimia hiyo kuwa yake. Anayetetea aina alisema hitilafu moja kati ya saba si haba. Anayepinga alisema sita zinapita.

Ukurasa uliotoka una mipaka iliyo wazi. Tutataja aina za data katika moduli (sehemu za mfumo) za riba, marejesho na gawio, ambako thamani ikichanganywa na nyingine mwanachama anaumia, na hatutazilazimisha katika skripti ndogo za ripoti. Pendekezo rasmi lililoingiza maelezo hayo kwenye Python, toleo 3.5 la mwaka 2015, linasema lenyewe kwamba lugha itabaki bila kulazimisha aina, kwa hiyo njia hii ya katikati haituondoi kwenye lugha. Sehemu ya nne inasema: tutachambua hitilafu zitakazorekodiwa katika moduli hizo, na ikiwa hakuna ambayo ukaguzi wa aina uliikamata kabla ya majaribio ya kawaida, tutaacha. Mwenzetu aliyepinga ndiye aliyeiandika sehemu hiyo, na ameikubali.

Aprili, juma la kwanza

Ukurasa wa namba za simu umebadilishwa, na nataka kueleza kwa urefu, kwa sababu ndio uliotuonyesha daftari linafanya kazi gani.

Msimamo wa awali ulikuwa kwamba mfumo upokee namba ya simu ya mwanachama kwa namna yoyote inavyoandikwa. Msanifu mwandamizi wetu ndiye aliyeutetea, na sababu yake ilikuwa ya heshima katika historia ya intaneti. Jon Postel, mhariri wa nyaraka za TCP, moja ya itifaki (kanuni za mawasiliano ya kompyuta) za intaneti, aliandika mwaka 1980 kwamba mfumo uwe mwangalifu katika unachotuma na mvumilivu katika unachopokea kutoka kwa wengine. Kanuni hiyo ilisaidia sana mashine za watengenezaji tofauti kuelewana wakati ambapo itifaki zenyewe zilikuwa changa. Makatibu wa vyama, alisema, wana kazi nyingi. Tukiwakatalia mafaili kwa ajili ya nafasi au alama ya kujumlisha, watarudi kwenye madaftari ya karatasi. Hoja ilikuwa ya huruma na ilikuwa na ukweli.

Kwenye sehemu ya nne aliandika kwa mkono wake: tukikuta mwanachama mmoja amesajiliwa mara mbili kwa sababu ya tofauti ya uandishi wa namba, ukurasa huu ufunguliwe upya.

Mafaili yanayotufikia yana namba zinazoanza na 0, zinazoanza na 255, zinazoanza na alama ya kujumlisha, zenye nafasi katikati, na zile ambazo programu ya lahajedwali imezichukulia kuwa hesabu na kuikata sifuri ya mwanzo, zikabaki na tarakimu tisa. Mfumo ulizipokea zote na kuzihifadhi kama zilivyokuja. Katika kulinganisha kumbukumbu za chama kimoja, dada anayesimamia hifadhidata alikuta mwanachama ambaye akiba yake iko chini ya namba yenye 0 na mkopo wake chini ya namba yenye 255. Kwa kamati ya mikopo mtu huyo alionekana kuwa wawili, mmoja mwenye akiba asiyekopa na mwingine mwenye deni asiye na akiba. Kwa kuwa kiwango cha mkopo kinategemea akiba, maombi yake mapya yalikuwa yamekataliwa, ilhali alistahili.

Kikaoni kijana wetu aliyejiunga karibuni alisema, "Kaka, kwa ruhusa yako, naomba tuisome ile sehemu ya nne." Kaka huyo aliisoma mwenyewe kwa sauti, kisha akasema kwamba sharti limetimia na akaomba aandike msimamo mpya yeye mwenyewe. Hakuna aliyeshindwa katika kikao kile. Nimefikiri sana kuhusu urahisi wake, nikilinganisha na vikao ambavyo kijana kumpinga mkubwa wake huonekana utovu wa adabu na mkubwa kubadili neno lake huonekana kushuka. Kijana hakumpinga mtu, alimwomba asome maneno yake. Na mkubwa alitii alichokiandika akiwa hana shinikizo la mtu yeyote.

Nyaraka za karibuni za intaneti zenyewe zimerudi kuitazama kanuni ya Postel. Waraka wa RFC 9413, uliotolewa Juni 2023, unaeleza jinsi uvumilivu wa makosa unavyoyaotesha mizizi: mfumo mmoja ukikosea na mwingine ukivumilia, kosa linakuwa sehemu ya itifaki isiyoandikwa, na kila mgeni analazimika kuliiga. Hata hivyo tulijihadhari tusirukie ukali wa upande wa pili. Wavuti ulishajaribu ukali huo kwa XHTML, lugha ya kuandikia kurasa zake, ambamo ukurasa wenye kosa moja la uandishi ulipaswa kukataa kuonekana kabisa, na mwaka 2009 W3C, shirika la viwango vya wavuti, lilitangaza kusitisha kazi ya toleo la pili la lugha hiyo. HTML5, lugha nyingine ya kurasa za wavuti, ilifuata njia nyingine, kwa kuandika kinaganaga kivinjari kifanye nini kwa kila aina ya kosa, ili vivinjari vyote vivumilie kwa namna moja.

Msimamo wetu mpya umefuata njia hiyo. Namba inayoweza kutambulika kwa hakika inageuzwa papo hapo kuwa ya muundo wa kimataifa wa E.164, wenye msimbo wa nchi na usiozidi tarakimu 15, na hakuna muundo mwingine unaoingia kwenye hifadhidata. Namba isiyotambulika kwa hakika inarudishwa kwa katibu pamoja na namba ya mstari na maelezo ya Kiswahili ya kinachotakiwa. Kazi ya kuunganisha kumbukumbu zilizogawanyika inaendelea, na kila muunganisho unathibitishwa na chama kabla haujakubaliwa.

Katika kupitia msimbo huo tulikuta pia funksheni iliyokuwa ikikisia mtandao wa simu wa mwanachama kutokana na tarakimu za mwanzo za namba yake. Aliyeiandika alikuwa sahihi siku alipoiandika. Tangu 2017 mteja wa Tanzania anaweza kuhama mtandao na namba yake, na tangu hapo tarakimu hizo hazithibitishi kitu. Hakuna aliyeitetea funksheni hiyo, wala hakuna aliyejua kwamba inahitaji kutetewa. Ilikuwa imekaa tu. Imani za namna hii zinanitia hofu zaidi kuliko za wabishi, maana mbishi angalau anasikika.

Aprili, juma la mwisho

Ukurasa wa fedha umeandikwa na kufungwa bila ubishi mkubwa. Kiasi chochote cha fedha kinahifadhiwa kwa namba kamili za senti, na hesabu za riba zinafanywa kwa desimali kamili, kamwe si kwa namba zenye nukta inayoelea, ambazo kompyuta huzihifadhi kwa makadirio. Mmoja aliuliza kama huo nao si ushupavu wa mawazo tunaoupinga. Jibu langu ni kwamba uthabiti si kosa pale ambapo sababu bado imeshikamana na msimamo na mtu yeyote anaweza kuikagua: sehemu ya kumi ya moja haina maandishi yenye kikomo katika mfumo wa binari, yaani wa 0 na 1 pekee, kama vile theluthi isivyo na kikomo katika desimali, na hilo halitabadilishwa na mtindo mpya wa mwaka wowote. Februari 25, 1991, huko Dhahran, Saudi Arabia, mtambo wa kujikinga na makombora wa Patriot uliokuwa umewashwa kwa takriban saa 100 ulikuwa umelimbikiza kosa la karibu theluthi ya sekunde kwa kuhesabu muda katika sehemu za kumi za sekunde zilizokatwa, ukashindwa kulikamata kombora, na askari 28 wa Marekani wakafa. Sehemu ya nne ya ukurasa huu imejazwa kama nyingine: onyesheni hesabu ya fedha ambayo namba kamili haiwezi kuibeba.

Mei

Tumesoma kisa cha Frederick Brooks, ambacho kwangu ndicho bora kuliko vyote katika mradi huu.

Brooks alisimamia utengenezaji wa OS/360, mfumo endeshi wa kompyuta za IBM katika miaka ya 1960, na kitabu chake cha 1975 kuhusu mradi huo kikawa miongoni mwa vilivyosomwa zaidi katika fani. Humo alitetea msimamo kwamba kila mtengenezaji programu katika mradi aone nyaraka zote za sehemu zote. Alieleza jinsi daftari la mradi lilivyofikia unene wa karibu mita moja na nusu baada ya miezi sita, na jinsi kurasa za mabadiliko zilivyokuwa zikigawiwa kila siku kwa rundo la wastani wa sentimita tano, hadi wakahamia kwenye filamu ndogo. David Parnas alikuwa amependekeza kinyume chake, katika kazi aliyoichapisha kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970: kila moduli ifiche undani wake, na wengine waone tu mlango wa kuitumia, ili undani ubadilike bila kuwavuruga wengine. Brooks aliliona pendekezo hilo mwaka 1975 kuwa njia ya kuleta maafa.

Katika toleo la 1995, miaka 20 baadaye, Brooks aliandika waziwazi, na kuliweka kama kichwa cha sehemu nzima, kwamba Parnas alikuwa sahihi na yeye alikuwa amekosea. Hakubadilisha maandishi ya zamani ili ionekane kwamba alifikiri hivyo tangu mwanzo. Sura za 1975 ziliachwa kama zilivyokuwa, na marekebisho yakaandikwa pembeni yake. Katika toleo hilohilo aliuacha pia ushauri wake maarufu kwamba mtu apange kutengeneza toleo la kwanza la kutupa, akieleza kwamba ushauri ule ulidhani mfumo hujengwa mara moja, hatua baada ya hatua, kutoka juu kwenda chini, wakati programu nzuri hukuzwa na kujaribiwa kidogokidogo.

Ninachokipenda hapa ni namna ya kuandika. Msomaji wa 1995 anaona msimamo, anaona sababu, anaona sababu iliyoishinda, na anaweza kupima mwenyewe. John Backus alifanya jambo la ukoo mmoja na hilo: aliongoza timu iliyotoa lugha ya programu ya FORTRAN mwaka 1957, na alipopewa Tuzo ya Turing ya 1977, tuzo kuu ya fani hii, aliutumia mhadhara wake kuukosoa mtindo mzima wa lugha ambao FORTRAN ilikuwa imeueneza. Angeweza kupokea sifa na kuketi. Kutokana na Brooks tumeongeza kanuni moja kwenye daftari letu: msimamo unaoachwa haufutwi; unapigwa mstari, tarehe inaandikwa, na sababu mpya inawekwa chini yake.

Juni

Huduma ndogondogo. Pendekezo la kuugawanya mfumo lilirudi, safari hii kwa nguvu mpya, na upande wa pili ukajibu kwa methali: usiache mbachao kwa msala upitao. Methali ni kweli, lakini haikutuambia kama msala huu unapita au umekuja kukaa, na kwa hiyo tulirudi kwenye sababu.

Sababu kubwa ya kugawanya mfumo ni kwamba timu nyingi ziweze kubadilisha na kutoa sehemu zao bila kusubiriana. Melvin Conway alikwishaandika mwaka 1968 kwamba mashirika huunda mifumo inayofanana na mawasiliano yao ya ndani. Sisi ni timu moja, tunakaa meza moja, na tunatoa toleo pamoja. Mmoja alileta mfano wa Prime Video, huduma ya video ya Amazon, ambayo mwaka 2023 ilieleza kwamba kuunganisha tena chombo chake cha kukagua ubora wa video kulipunguza gharama za miundombinu kwa zaidi ya asilimia 90. Wapinzani wa huduma ndogondogo waliupokea mfano huo kama hukumu ya mwisho. Tuliusoma wote: unahusu chombo kimoja, ambacho sehemu ya gharama yake ilitokana na kusafirisha picha za video kati ya sehemu zake, na sisi hatusafirishi video. Tumeuondoa kwenye ukurasa, ingawa ulikuwa unaunga mkono msimamo tuliokubaliana.

Mfumo unabaki mmoja, wenye moduli zilizotenganishwa kwa mtindo wa Parnas. Ukurasa utafunguliwa ikiwa timu ya pili itaundwa, au ikiwa foleni ya malipo ya simu mwisho wa mwezi itaanza kuchelewesha wanaotoa akiba madirishani.

Hali ya kazi kwa sasa

Kurasa za aina za data, namba za simu, fedha na ugawaji wa mfumo zimekamilika. Uunganishaji wa kumbukumbu zilizogawanyika unaendelea, chama kimoja baada ya kingine, na kile kilichogundulika kwanza kimemaliza. Yule mwanachama aliyenyimwa mkopo ameombewa upya kwa kumbukumbu moja. Ukurasa uliobaki wazi ni wa pendekezo la kuiandika upya moduli ya gawio kwa lugha nyingine. Msimamo na sababu vimeandikwa, lakini anayependekeza na anayepinga hawajakubaliana juu ya sehemu ya nne, kwa kuwa mmoja anataka kipimo kiwe muda wa kuhesabu na mwingine anataka kiwe idadi ya masahihisho yanayoombwa na vyama. Nimewaomba wakae wawili na kila mmoja aandike kwa haki kipimo cha mwenzake. Hatutaandika mstari wowote wa moduli hiyo hadi karatasi hizo mbili ziwe mezani.